Jibini ya Nyumba Nane

Keziah alipima maziwa kwa kijiti. Ukimletea ndoo anakichovya, anatazama maziwa yamefika wapi, anakata alama kwa kisu. Kila nyumba ilikuwa na alama yake. Hakuwahi kumpunja mtu, na hakuna mtu aliyempunja yeye mara mbili.

Nimekaa naye miaka arobaini na minne. Alifariki mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado iko uani. Mchungaji alisema maneno mazuri juu yake, lakini mchungaji huyu ni kijana, hakumjua akiwa msichana. Tuliomjua wakati ule tumebaki wawili, mimi na Dorcas Pruitt, na Dorcas hasikii tena. Basi nitasema mimi.

Alizaliwa hapa hapa Hadwen, kwenye vilima vya magharibi mwa Massachusetts, binti wa Shemasi Lemuel Tuttle. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka kumi na mmoja. Alimwachia ufundi wa jibini na baba mgumu, na Keziah aliyamudu yote mawili. Alikuwa mfupi, viganja vipana. Akicheka, pua ilianza, mabega yakafuata, sauti ikaja mwisho.

Siku hizo hakuna nyumba iliyokuwa na ng'ombe wengi. Watatu, wanne. Maziwa ya ng'ombe watatu hayatoshi jibini ya maana kwa siku moja, na ukingoja ya kesho, ya leo yamechacha. Kwa hiyo nyumba nane za barabara yetu zilibadilishana maziwa. Wiki hii wote wanapeleka kwa Tuttle, wiki ijayo wote wanapeleka kwa Pruitt, mpaka zamu inazunguka, na kila nyumba inapata jibini kubwa kwa zamu yake. Kijiti ndicho kilichosema nani ametoa kiasi gani. Keziah alikabidhiwa kijiti akiwa na miaka kumi na sita, kwa sababu wanawake wa nyumba zile saba walimwamini yeye kuliko walivyoaminiana.

Mimi nilikuwa fundi mapipa. Ndoo zao zote nilitengeneza mimi. Ndoo za akina Tuttle zilivuja kuliko za mtu yeyote, na ilikuwa lazima niletewe kila mara. Nilidhani hakuna aliyejiuliza kwa nini.

"Asahel," akaniambia siku moja, "ndoo hii umeirudia mara tatu."

"Mti mbaya, Bi Keziah."

"Mti au fundi?"

"Fundi."

"Basi fundi aje Jumapili azungumze na baba. Ndoo aziache zipumzike."

Sikwenda Jumapili ile, wala iliyofuata. Nilikuwa najikaza. Na nilipokuwa bado najikaza, siasa ikaniwahi.

Ulikuwa mwaka 1798. Rais alikuwa Bwana Adams, mtu wa jimbo letu hili hili, na nchi ilikuwa karibu kupigana na Wafaransa. Watu wa Adams walitaka jeshi na kodi ya kulilisha. Watu wa Jefferson, mpinzani wake, walisema Wafaransa ndio waliotusaidia kumfukuza mfalme, leo tunawageukaje. Watu wa Adams wakabandika utepe mweusi kwenye kofia. Wale wengine wakabandika wa rangi tatu. Kufikia kiangazi ukiona kofia kwa mbali unajua kama utamsalimu mtu au utavuka barabara. Kisha ikaja sheria ya ulimi. Ukimsema Rais vibaya, au ukiandika, unakwenda jela.

Barabara yetu ilikatika katikati. Nyumba nne huku, nne kule. Shemasi Tuttle alikuwa utepe mweusi kabla watu wengi hawajanunua utepe. Jotham Pruitt, mhunzi, mumewe Dorcas, alikuwa rangi tatu. Karakana yangu ilikuwa nyuma ya kwake, kwa hiyo na mimi nikawa rangi tatu. Sikufikiri sana. Jotham alikuwa na utepe wa ziada.

Mwezi wa kumi Jotham akasema tusimamishe mlingoti wa uhuru uwanjani, kama walivyofanya wazee wetu wakati wa mfalme. Nilikwea mimi, nilikuwa mwepesi. Nikapigilia kofia nyekundu ya uhuru juu, na chini yake ubao ambao Jotham aliuandika kwa mkono wake. Mimi nilikuwa sijui kusoma.

Keziah akapita na kikapu cha mayai. Akasimama chini.

"Asahel Peck, unajua umepigilia nini?"

"Neno la uhuru."

"Nani kakwambia?"

"Jotham."

"Imeandikwa hivi. Rais ni mfalme asiye na taji, arudi shambani kwake kabla hatujamrudisha."

Nikaukumbatia mlingoti. Upepo ulikuwa mkali.

"Naweza kuung'oa," nikasema.

"Wamekwisha kukuona. Ukiung'oa sasa utakuwa mwoga kwa hawa na mhaini kwa wale. Shuka polepole, mlingoti unayumba."

Kesho yake wenye utepe mweusi waliukata kwa shoka. Hakuna aliyefungwa. Hakimu alikaa mbali na njia ilikuwa matope. Jumapili iliyofuata ndipo nilipokwenda kwa shemasi, wakati mbaya kuliko wakati wowote ambao ningeweza kuchagua. Alinipokea mlangoni. Hakusema karibu.

"Shemasi, nimekuja kwa ajili ya Keziah."

"Wewe ndiye uliyekwea?"

"Ndimi."

"Unajua ningeweza kukupeleka kwa hakimu?"

"Najua."

"Nisikilize, kijana. Siku nitakapokaa mezani kwangu, nikala jibini yenye maziwa ya watu wa rangi tatu, nikaisifu kwa kinywa changu mwenyewe, siku hiyo njoo umchukue binti yangu. Kabla ya hapo, ngoja kuku waote meno."

Akafunga mlango. Na hakuwa anatania. Jibini zote za kiangazi, zilizokuwa na maziwa ya pande zote mbili, alikwisha kuziondoa kabatini. Moja alimpa nguruwe. Nguruwe hakuuliza ni ya chama gani.

Keziah alikuwa nyuma ya mlango, akasikia. Asubuhi akaja karakana.

"Umesikia baba alivyosema?"

"Nimesikia kwamba haiwezekani."

"Basi hukusikia. Baba ni shemasi. Akitoa neno mlangoni mbele ya mtu, neno limetoka. Yeye amesema siku gani. Wewe umesikia kamwe."

Majira ya baridi yakapita. Ng'ombe wakazaa, maziwa yakarudi, na kwa mara ya kwanza hayakubadilishwa. Nne huku, nne kule. Shinikizo zuri la jibini, lile lenye jiwe zito na vyuma, lilikuwa kwa Pruitt, kwa hiyo jibini za watu wa Adams zilikuwa laini kama sabuni. Na kile kipande cha tumbo la ndama kinachogandisha maziwa, aliyejua kukitia chumvi na kukikausha sawasawa alikuwa Keziah peke yake, kwa hiyo jibini za watu wa Jefferson zilikuwa kama kisigino cha kiatu. Jotham alizitafuna bila kulalamika, kwa ajili ya chama. Akapoteza jino.

Ndipo Rais akatangaza siku ya kufunga kwa nchi nzima, tarehe ishirini na tano mwezi wa nne. Watu wale wale, ugomvi mpya. Watu wa Adams wakajiandaa kushinda kanisani, mahubiri mawili, bila chakula na bila kazi. Watu wa Jefferson wakasema mtu anafunga akisukumwa na moyo wake, hafungi kwa barua ya ofisi. Wakaapa kula siku nzima, na kula mahali pa kuonekana. Jotham alibeba meza mpaka mbele ya kanisa, na jiko la kukaangia, upande ambao upepo unaelekea mlangoni. Mimi nilikula soseji sita asubuhi na sikuwa na njaa.

Lakini ng'ombe hawakupata tangazo. Walikamuliwa kama kawaida. Wiki ile zamu ya zile nyumba nne ilikuwa kwa Tuttle, na ndoo zikafika kabla ya kengele ya kanisa.

"Hakuna kutengeneza jibini leo katika nyumba hii," shemasi akasema. "Ni kazi."

"Na maziwa, Baba?"

"Maziwa mwachie Mungu."

Akaenda zake kanisani. Keziah aliachwa kumwangalia ng'ombe mmoja aliyekaribia kuzaa. Akamwangalia. Ng'ombe alikuwa anatafuna, hana haraka. Basi akafunga maksai kwenye mkokoteni, akapakia ndoo, akapita njia ya nyuma.

Nilikuwa kwa Pruitt, nachonga. Dorcas alikuwa mlangoni na uma mkononi, soseji kwenye uma.

"Umepotea njia, binti wa shemasi?"

"Baba amesema maziwa nimwachie Mungu," Keziah akasema. "Nikafikiri labda Mungu ana shinikizo huku kwenu."

"Ya nani hayo?"

"Ya nyumba nne."

"Za utepe mweusi."

"Maziwa ni meupe, Mama Pruitt. Tazama mwenyewe."

Dorcas alitazama kweli. Aliinama juu ya ndoo moja, kisha nyingine. Nyuma yake, jikoni, zilikuwa zimepangwa ndoo za nyumba nne za rangi tatu, na hazikuwa na kitu cha maana cha kuzigandisha.

"Jotham akijua?"

"Jotham yuko wapi?"

"Anakula mbele ya kanisa."

"Basi ana kazi mpaka jioni."

Dorcas akauma soseji, akatafuna, akafikiri.

"Kile kitumbo umekuja nacho?"

Keziah akakitoa mfukoni, kimefungwa kitambaa. Dorcas akafungua mlango wote.

Nimeona mambo mengi katika maisha yangu, hata mji wa Boston nimeuona, lakini sijaona kitu kilichonifurahisha kama maziwa yale yakimiminwa. Keziah alikata kijiti kipya. Alikata alama nne upande mmoja, akakigeuza, akakata nne upande wa pili. Ndoo ikafuata ndoo mpaka pipa langu pana likajaa, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema ya Tuttle yameishia wapi na ya Pruitt yameanzia wapi. Yakaganda vizuri. Wakayakata, wakayachuja, wakatazama pete ya mti ya Dorcas ya kufinyangia. Ilikuwa ndogo kwa nusu.

"Asahel," Keziah akasema, "acha soseji. Tunataka pete."

"Kubwa kiasi gani?"

Akapanua mikono kama anayetaka kumkumbatia mtu mnene.

Nilikunja ubao mwembamba kwenye mvuke, nikaufunga, nikarudi nao kabla ya saa sita mchana. Tulijaza watatu. Dorcas alipanda juu ya shinikizo akakaa juu ya jiwe, eti kuongeza uzito. Akaimba zaburi, ile ndefu, kwa sababu aliona si vizuri siku ya kufunga ipite bila zaburi. Keziah alicheka mpaka akashika ukuta. Mabega yake yalikwenda muda mrefu kabla sauti haijafika.

"Baba yako akiuliza?" nikamwambia.

"Nitamjibu kweli."

Na alimjibu kweli. Shemasi alirudi jioni, kichwa chepesi kwa njaa.

"Umefanya kazi leo?"

"Hakuna kazi iliyofanyika ndani ya nyumba hii, Baba."

"Na maziwa?"

"Nilimwachia Mungu kama ulivyosema. Ameyapokea vizuri."

Shemasi akaomba mkate, hakuuliza tena.

Jibini ilikwenda kwa Tuttle baada ya siku tatu, kwa kuwa zamu ilikuwa yao. Na tangu hapo kile kitumbo kikaanza kusafiri chini ya aproni, na maziwa yakarudi kubadilishwa kupitia njia ya nyuma, ya huyu kwa yule, zamu kwa zamu. Kufikia Jumapili wanawake wa nyumba zote nane walikuwa wanajua. Miezi saba walinyamaza. Wanaume wanane, kila mmoja na maoni yake juu ya Ufaransa, hawakujua yaliyomo kwenye kabati zao.

Keziah aliigeuza ile jibini kila siku na kuipaka siagi. Ikaiva, ikapata rangi ya asali. Na hapo ndipo shemasi akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Aliipenda. Aliipima kwa mkanda wake. Aliwaita wageni waione. Akabandika utepe mweusi juu yake.

"Hii," alikuwa akisema, "ndiyo jibini ya watu watiifu. Tutaikata Siku ya Shukrani."

Keziah alichekea puani tu. Mimi niliogopa. Shemasi alikuwa na dada yake Connecticut, na alikwisha kusema mara mbili kwamba hewa ya huko ni nzuri kwa wasichana. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni haijulikani atafanya nini. Tukimkosea hesabu, Keziah anaondoka, na mimi nabaki na ndoo.

"Tumwambie mapema," nikamwambia. "Faraghani."

"Faraghani atakataa, na hakuna atakayejua kwamba amekataa. Siku ya Shukrani vaa shati safi. Kaa karakana usitoke."

Nikavaa. Nikakaa. Yaliyotokea mezani nilisimuliwa na Keziah, na nilimwomba anisimulie kila mwaka.

Walikuwa watu kumi na wanne, nyumba zote nne za Adams, na mchungaji wa zamani. Bata mzinga akaliwa, pai za maboga zikaliwa, kisha jibini ikaletwa na utepe wake. Shemasi akakata. Akala. Akafumba macho.

"Sijala kama hii tangu mama yako," akasema.

Keziah alikuwa anasema kwamba hapo karibu ashindwe kuendelea. Lakini shemasi hakuishia hapo. Alisimama.

"Semeni ninyi. Watu wa kofia nyekundu wanaweza kutoa jibini kama hii?"

Wanaume wakasema hawawezi. Wanawake wakatazama sahani. Mmoja akaingiza uso kwenye aproni.

Keziah akatoa kijiti mfukoni, akakiweka kando ya sahani ya baba yake.

"Hesabu, Baba."

Shemasi alikijua kijiti kuliko alivyojua gazeti. Akahesabu upande mmoja. Akakigeuza. Akahesabu upande wa pili.

"Nane," akasema.

"Nyumba za Adams barabarani ni ngapi?"

"Nne."

Mchungaji alikuwa na jibini mdomoni, hakujua ameze au ateme. Akameza.

"Lini?" shemasi akauliza.

"Siku ya kufunga."

"Wapi?"

"Kwa Pruitt."

"Pete kubwa kama ile alitengeneza nani?"

"Unamjua, Baba. Na ulimwambia neno mlangoni."

Angeweza kukana. Angeweza kupindua meza. Keziah alisema mishipa ya shingo ilimtoka. Kisha shemasi akakaa. Akachukua kisu, akajikatia kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Akakila polepole, upande huu wa mdomo, kisha upande ule.

"Natafuta maziwa yao," akasema. "Siyapati."

Mwanamke wa aproni ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote.

Mimi nilisikia tu miguu kwenye theluji. Mlango ukafunguliwa. Shemasi Tuttle, kofia na utepe wake mweusi, sahani mkononi imefunikwa kitambaa.

"Kula," akasema.

Nikala.

"Ikoje?"

"Nzuri, Shemasi."

"Sema kwa sauti. Mimi nimekwisha kusema yangu mbele ya watu."

"Nzuri sana, Shemasi."

Akatazama karakana yangu, mapipa, pete, mbao. Akakung'uta theluji viatuni.

"Hizi ndoo zangu," akasema, "zitaacha kuvuja lini?"

"Leo, Shemasi."

"Haya. Chukua kofia yako. Pai itapoa."

Ndoa yetu ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, tukaoana mwezi wa kumi na mbili. Nyumba zote nane zilikuwa katika chumba kimoja. Keziah alisimama mlangoni akizipokea kofia, akazifunga tepe mbili mbili, mweusi na wa rangi tatu, ili asiondoke mtu bila kumngoja mwenzake. Jotham na shemasi walifungiwa pamoja. Wakati wa kuondoka walibishana nani afungue fundo, kisha wakaenda zao njia moja wakibishana juu ya Ufaransa, kofia mikononi.

Jefferson akaja akawa Rais, ukaja ugomvi wa bandari kufungwa, ikaja vita. Barabara yetu iligombana kila mara. Maziwa hayakutengana tena. Keziah alinifundisha kusoma kwa magazeti mawili, la upande huu Jumatatu, la upande ule Alhamisi, na hakuniambia kamwe yeye alikuwa wa chama gani. Nilimwuliza akiwa na miaka sitini. Akasema yeye ni wa kijiti.

Tulipata watoto sita, wanne wako hai. Wavulana wetu wawili, ambao sasa wana mvi, hawajasalimiana tangu kiangazi. Mmoja ni wa Clay, mwingine ni wa Polk, wagombea urais wa mwaka huu. Uchaguzi umekwisha na bado hawasalimiani.

Kabatini imebaki jibini moja aliyoitengeneza mwenyewe mwaka jana, kabla hajaumwa. Mimi ndiye ninayeigeuza na kuipaka siagi. Sikuweza kuikata. Wiki hii ni Siku ya Shukrani. Nimepeleka salamu kwa wote wawili, kila mmoja peke yake, kwamba avae shati safi, aje mchana.

Alhamisi nitaikata. Kijiti nitakiweka kando ya sahani.